Ngazi ya Pili, Mwamba wa Tororo

Vumbi la Tororo lilikuwa bado limelala barabarani, na mwanga ulikuwa umeanza kuteremka mwambani, taratibu, kama mtu anayeogopa kuteleza. Akiror, mwongoza wageni, akakaza kamba za viatu, akaanza kupanda. Alikuwa amechoka. Magoti yamechoka, mgongo umechoka, hata ile sauti yake ya kuwaambia watu "polepole" imechoka.

Nyuma yake alikuja Metrine, mkulima wa Dabani, kiunoni amejifunga kitenge cha marehemu mama yake. Alimuuguza mama huyo mpaka pumzi ya mwisho. Mama alitamani siku moja afike kileleni, aitazame Uganda, aitazame Kenya, ashuke. Hakufika. Sasa binti anapanda kwa niaba yake.

Wakapanda. Majani, kisha mawe. Mawe, kisha ngazi ya kwanza. Mguu, pumzi. Mguu, pumzi.

Chini ya ngazi ya pili upepo ukageuka. Upande wa Mbale wingu lilikuja, zito, jeusi, lenye haraka. Akiror alilitazama, kiganja chake kikiwa juu ya chuma baridi cha ngazi. Jiwe hili likilowa ni sabuni.

"Dada, leo tunaishia hapa."

Metrine akasema kilele kiko karibu, kinaonekana pale. Akasihi, akakasirika, akaishika ngazi apite. Akiror hakubishana. Aliketi kwenye kidato cha chini, akaziba njia kwa mwili wake wote uliochoka.

"Sasa mama nitamwambia nini?" Metrine akauliza, na hapo ndipo alipolia, kilio ambacho hata mazishini hakikutoka.

Akiror akamwacha alie. Kisha akasema, "Mwambie umerudi mzima."

Tone la kwanza likaanguka. Wakaishuka ngazi ya kwanza, Akiror akitangulia chini. Kwenye kila kidato alikishika kisigino cha mwenzake, akakiweka mahali pake. Mvua ikawapiga. Radi ikapasuka kule juu, kwenye kilele walichokiacha, na mwamba mzima ukatiririka maji. Kisigino, kidato. Kisigino, kidato.

Walipofika kwenye kibanda cha chini, Metrine aliketi, akamwegemea Akiror, akasinzia papo hapo, kitenge kikichuruzika.

Bodaboda ya kumpeleka Akiror nyumbani ikapiga honi. Akaipungia mkono iende. Bega lilikuwa linamuuma, usingizi ule ulikuwa mzito. Hakulisogeza.