Nyayo Zilizotazama Barabarani

Lakshmi, mungu wa kike wa riziki, alikuwa anahama nyumbani kwa Nirupoma, tena mchana kweupe. Nyayo zake za plastiki, nyekundu zenye kung'aa, zilianza kwenye madhabahu, zikapita kando ya pipa la mchele, zikavuka sebule na kutoka mlango mkubwa, vidole vikitazama barabarani.

"Zimependeza, eh, Mama?" Torsha, mke wa mwanawe, alikuwa mlangoni akijifuta jasho. "Nimeanza kubandika kule ndani nikarudi kinyumenyume, nisizikanyage."

"Mwanangu, Krishnanagar nzima leo wanamkaribisha mwenye riziki aingie. Sisi tumemwonyesha njia ya stesheni!"

Torsha aliziangalia nyayo, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Siku nyingine Nirupoma angecheka mpaka mbavu zimuume. Kila sikukuu ya Lakshmi alizichora nyayo hizo mwenyewe kwa uji wa mchele. Safari hii aliteleza kisimani, mkono wa kulia ukafungwa plasta, ndipo Torsha akajitolea na kuagiza stika kwa simu. Hilo si kosa. Lakini wiki iliyopita Nirupoma alimsikia mwanawe Arko akimwambia mtu kwenye simu kwamba nyumba ya Bengaluru, mji wa mbali kusini, imepatikana, na tangu hapo si Arko wala mkewe aliyemwambia neno. Mjane mwenye mtoto mmoja husikia mambo kama hayo hata akiwa jikoni anakaanga. Sasa zile nyayo zilimwambia kile walichomficha. Alijua ni upuuzi kufikiri hivyo, na moyo ukamuuma vilevile.

"Tuzibandue," alisema. "Wifi yangu Bulu anafika saa tisa, na unamjua. Huyo huona vumbi la nyumba ya jirani."

Stika zikagoma. Walimwaga mafuta ya nazi, wakakwangua kwa mwiko wa chuma, na kila unyayo ukatoka vipande vipande.

"Plastiki hii ingetuzika sote," Nirupoma alinung'unika. "Uji wangu sisimizi na shomoro huumaliza kwa siku mbili, nao wanashiba. Hii nani ataila?" Kisha, bila kupanga, likamtoka: "Mnahama lini?"

Mwiko ukasimama.

"Januari," Torsha alisema polepole. "Arko alisema utaambiwa sikukuu ikipita. Halafu akasema mkono upone kwanza. Nilimwambia si vizuri, Mama."

"Si vizuri kabisa. Mmenifanya mgeni ndani ya nyumba yangu, na imeniuma."

Torsha akaanza kulia.

"Lia, una haki. Lakini lia huku unakwangua, Bulu hangoji mtu."

Sakafu ilipotakata, Torsha alisaga mchele uliolowekwa. Nirupoma akachovya ubavu wa ngumi yake ya kushoto, akaugonga mlangoni, akadonoa vidole vitano kwa ncha ya kidole: unyayo wa kushoto, mdogo kama wa mtoto, ukiingia ndani.

"Ngumi ya kulia ndiyo hutoa mguu wa kulia," alisema, "na yangu imefungwa. Haya, lete yako."

Wakaenda hivyo kwa magoti, mmoja kushoto, mwingine kulia, mpaka madhabahuni. Uji mbichi haukuonekana vizuri kwenye saruji nyekundu. Ulipokauka, ukawa mweupe pe, na aibu yote ikaonekana: ngumi ya Torsha ilikuwa nusu ya ngumi ya mkwewe.

"Lakshmi anachechemea," Torsha alisema.

"Maadamu anaingia, na achechemee."

Bulu alifika kabla ya saa tisa, akasimama kizingitini. "Huyu Lakshmi wenu mguu mmoja umevimba?"

"Ametembea kutwa nzima, wifi. Vua viatu, usimkanyage."

Jikoni, wakipanga naru, vidonge vitamu vya nazi, kwenye sinia, Torsha alimsogelea mkwewe. "Mama, mwakani nitachora kule pia. Ila nyumba ile ina vigae vyeupe kila mahali. Uji wa mchele utaonekanaje?"

Jibu lilikuwa kwenye rafu, hatua moja kutoka walipo: changanya manjano kidogo kwenye uji. Hata mtoto wa Krishnanagar analijua. Nirupoma alilitazama kopo la manjano, akatazama pembeni.

"Hilo ni gumu," alisema. "Siwezi kulijibu nikiwa huku. Lazima nije niione hiyo sakafu."

"Uje kweli, Mama? Ukae mpaka lini?"

"Mpaka nyayo zionekane. Mwambie Arko anikatie tiketi ya treni mapema, kitanda cha chini. Magoti haya hayapandi juu kwa ajili ya mtu yeyote."