Maji Kinywani mwa Mkamburi

"Fungua, mama. Kamba imeanza kunyofoka, mashine imesimama."

Makau, nyapara wa wachimba visima, alikuwa ameujaza mlango wa stoo pale Voi, kofia mkononi. Mkamburi hakuinua kichwa. Alikuwa akizipaka mafuta ngozi za pampu, maana ngozi ikikauka hupasuka, na ikishapasuka hakuna maji yatakayopanda, hata kisima kijae namna gani.

"Watu huamkiwa kwanza," alisema.

"Hujambo, mama."

"Sijambo. Kamba ipo."

Ilikuwa kwenye kona, imefunikwa magunia, kamba ya waya nene kama kidole gumba. Aliipaka grisi kila alipopata nafasi, kama mtu anayemwogesha mtoto. Spea isiyotunzwa, mumewe alizoea kusema, ni sawa na spea isiyokuwepo.

Mumewe, Mwandawiro, alikuwa mtu wa mashine hiyohiyo ya kuchimba. Kiangazi kilichopita kamba ilichakaa, akaomba nyingine, akaomba tena. Makau akamwambia stoo haina. Kamba ikakatika ikifanya kazi, ikarudi kama mjeledi, ikamvunja kifua. Baada ya matanga Mkamburi alipita karibu na shamba la mkonge, akaona matoroli yakivutwa kwa kamba mpya ya waya, ncha yake imepakwa rangi nyekundu ya stoo. Mwenye matoroli alikuwa rafiki wa Makau. Na kwa bwana mkubwa Makau alikuwa ameshasema kwamba marehemu alikuwa mvivu wa kutia grisi. Bwana akamhurumia mjane, akampa kazi ya stoo.

Mkamburi alishukuru, akanyamaza. Kila jioni alipiga magoti, akasali Baba Yetu. Alipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, midomo ilijifunga yenyewe. Aliparuka, akaendelea. Mungu alikuwa anajua.

Makau aliiburuta kamba hadi kwenye lori, kisha akarudi, sauti imeshuka. "Twende wote, mama. Wale Wataita wamekataa kuifunga. Wanasema mpaka wewe ufanye ile kitu yenu ya maji."

"Kutasa."

"Hiyo. Mimi Mkamba, hayo siyajui. Si upulize tu hapahapa? Nitawabebea hata kwenye chupa!"

"Uchungu haubebwi kwenye chupa, Makau."

Alifunga stoo, akapanda lori.

Mbele ya Miasenyi mashine ilisimama kimya katikati ya nyika, mnara wake umeinamia shimo lililoishia kwenye mwamba. Wanawake walikuwa wamekalia madebe matupu. Thadeus, ndugu wa marehemu, alimpokea kwa mikono miwili.

"Shemeji, maji tunayataka. Lakini kamba ya pili hii inataka kukatika, na wewe una jambo umelifungia moyoni. Hatutaki kuzika mwingine." Akampa kibuyu cha maji. "Lakini usipulize kama bado unalo. Utakuwa umetudanganya sisi, na marehemu pia."

Hivyo ndivyo wazee walivyofanya tangu zamani: unatia maji kinywani, unayapuliza chini, na hasira yako inatoka nayo, isimdhuru mtu. Padre wa Bura hakuipenda desturi hiyo. Mkamburi alifanya ishara ya msalaba, kisha akashika kibuyu.

"Makau," alisema, na watu wote wakasikia, "waambie hawa kamba aliyoiomba Mwandawiro ilikwenda wapi."

Akajaza kinywa.

Makau alicheka. "Mama naye! Mambo ya zamani hayo." Hakuna aliyecheka naye. "Iliibwa." Mkamburi akatikisa kichwa, mashavu yamevimba. "Haya, nilimwazima mtu."

"Mtu gani huyo asiye na jina?" mwanamke mmoja akauliza. "Au naye aliibwa?"

Makau alilitaja jina, na matoroli. Kofia ilizunguka vidoleni mwake. "Bwana akisikia atanifukuza," akanong'ona.

"Na grisi?" Thadeus akauliza.

Upepo ukaleta vumbi jekundu.

"Alitia," Makau alisema. "Kila asubuhi alitia. Mimi nilimsingizia." Akaketi chini. "Basi, mama. Puliza. Nakuomba, puliza."

Wote wakamtazama Mkamburi kinywani. Tangu kiangazi kile alikuwa akilingojea neno hilo, akiamini kwamba siku litakapotoka, kitu ndani yake kitalegea. Sasa limetoka, na mtu yuko vumbini, na alipomtazama alitaka Makau akae hapo mpaka jua litue, na kesho tena.

Maji yalikuwa yamepata moto mdomoni, mazito kama damu. Kwenye lori kamba mpya iling'aa kwa grisi ya mikono yake. Mwanamke aliyekaa mbele aligeuza debe lake, likatoa mlio mtupu.

Mkamburi alifumba macho. Taratibu, mdomo umejaa, akaianza Baba Yetu moyoni, tangu mwanzo, akilisogelea lile neno la kusamehe alilozoea kuliruka.