Nyumba Safi ya Stéphanie

Stéphanie alikuwa anaiogopa serikali kupita kiasi, na woga ule ndio uliomponza. Tangu mumewe afariki na wanawe warudi Kongo, watu wake duniani walikuwa wale watoto aliowalea nyumbani kwake mtaani Ediofe, ng'ambo ya mpaka, mama zao wakiwa sokoni. Wakishachukuliwa jioni, nyumba inakuwa kimya, na kimya kile alikichukia.

Basi ikatangazwa: hakuna kulea watoto wa watu bila leseni. Haya. Akaenda mafunzo, akapata cheti. Akapimwa afya. Akajenga uzio na choo kifupi cha watoto. Kilibaki kitu kimoja tu, mkaguzi aje aone.

Sasa sikia alichofanya mama wa watu! Kwao, mgeni mkubwa akija, watoto wanatolewa wasilete fujo. Akawapigia simu mama zao wote: kesho msilete mtoto. Akapiga deki, akakunja mikeka, akapanga vikombe, akavaa kitenge cha kanisani.

Mkaguzi, Madam Ayikoru, akaingia, akatazama huku na huku.

"Mama, watoto iko wapi?"

"Nimebarudisha kwao, madame," Stéphanie akajibu kwa fahari. "Nyumba ibakie safi."

Ayikoru akashusha pumzi. "Aa, mama! Leseni hatupatii nyumba. Nilikuja kuona vile unawalisha, vile unawalaza. Sasa nitaandika nini? Nitarudi muhula ujao. Mpaka siku hiyo, usipokee mtoto."

"Ngoja nibaite! Iko karibu!"

"Niko na nyumba zingine, mama. Pole." Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Stéphanie kuliko kufokewa.

Jioni akampigia Night Poni, muuza samaki wakavu wa soko la Inde, mama yake Enoch. Enoch ndiye yule asiyepata usingizi mchana mpaka ashike sikio la Stéphanie. Alitaka kumwomba asubiri tu mpaka muhula huo.

"Pole, mama," Poni akasema. "Leo nilimpeleka kwa wale wenye leseni. Atabaki huko tu."

Stéphanie akauliza, "Mchana alilala?"

"Alilala vizuri, mama. Hakusumbua mtu hata kidogo."

Stéphanie akasema vizuri, vizuri sana, Mungu asifiwe. Kisha akatandika mkeka wa Enoch kwenye sakafu yake safi, akajilaza, miguu ikabaki nje ya mkeka, akalia.