Samaki Waliokuja Wameshapasuliwa

Mdogo wangu wa kiume hajawahi kupasua samaki tangu azaliwe. Nyumbani kwake kazi hiyo ni ya wifi, yeye kazi yake kula na kulalamika miiba. Kwa hiyo asubuhi ile aliposhusha kreti mbele ya mizani yangu, samaki wote safi, matumbo yametolewa na kuoshwa, nilijua kuna jambo.

Sheria ya soko letu hata paka wanaijua. Samaki anakuja mzima, na mimi mpimaji namchana tumbo hapo hapo, watu wakiona. Akiwa na mayai, ametoka kwenye ghuba tuliyoifunga ili samaki wazae. Tuliifunga wenyewe, kwa kura, baada ya kuvua mpaka wakabaki saizi ya kiganja, mtu anarudi na mzigo usiolipa hata mafuta. Atakayeingia humo, boti yake inafunguliwa propela mpaka msimu uishe.

Na boti ya mdogo wangu, nusu ni yangu. Inalisha nyumba mbili, na mama yetu juu yake.

"Usafi huu umeuanza lini?" nilimuuliza.

"Nilikuwa na nafasi," alisema, macho chini.

Dalali wa soko, pembeni yangu, akakohoa. "Pima tu, dada. Wateja wanangoja."

Nje, boti nne zilikuwa zinanguruma, kamba zimeshafunguliwa, wala haziondoki. Wenyewe walikuwa wanauangalia mkono wangu. Nikiupitisha mzigo ule, wote wangekimbilia ghubani, na hakuna ambaye angewarudisha.

Mdogo wangu akainama sikioni kwangu. "Dada, usinivue nguo mbele za watu. Samaki hawa nisipowavua mimi, watawavua hao wanaonguruma. Bora wale nani, wao au mama?"

Hapo alinishika pabaya. Hasira zikanipanda, maana hakuwa anadanganya. Kila mmoja kule nje alikuwa anajiambia maneno hayo hayo, na ndiyo yaliyotufikisha kwenye samaki wa kiganja.

"Hawa siwapimi," nilisema. "Nipeni spana."

Niliingia majini mpaka magotini, nikainua injini ya boti yetu, nikaibana nati ya propela kwa spana. Nati ikagoma. Nikavuta mpaka machozi yakanitoka, na sidanganyi mtu kwamba nilikuwa nalilia nati.

Mdogo wangu akaja kusimama nyuma yangu. Nilidhani atanipiga.

"Unaikaza," alisema. "Lete."

Akaifungua mwenyewe. Akabaki ameishika ile propela kifuani, maji yanamchuruzika.

"Mama tutamwambia nini?"

Nilimnyooshea mikono.

Akanikabidhi. Nyuma yetu boti moja ikazimwa, halafu ya pili, halafu ya tatu. Ya nne ilikuwa ya mvuvi tuliyemwita Kiherehere, na jina hakupewa bure. Iliendelea kunguruma, pua imeelekea ghubani.

Mdogo wangu akaenda na maji mpaka kiunoni, akaikamata kamba ya boti ile, akaizungusha mkononi.

"Zima," alimwambia. "Mimi watoto wangu ni watano, na boti yangu imeshazimwa."

Kiherehere alimtazama, akanitazama mimi na propela yangu mkononi. Kisha akazima.