Jibu la Siku ya Kwanza

Jirani yao, yule ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa kuwa hana swichi ya kuzimwa, anasema hakusimuliwa, aliona kwa macho yake. Anasema yule mshonaji wa nyumba ya kona, Fundi, alimwacha mama yake mzazi afe kitandani. Mama alizimia kwa sukari kushuka, na bintiye akamfunika blanketi, akarudi kwenye cherehani yake.

"Sisemi mimi," anasema Redio, na hapo hushusha sauti kidogo ili watu wasogee. "Kasema mwenyewe, kwenye video, mbele ya mwalimu wa chuo. Binti wa dada yangu kaonyeshwa darasani siku yake ya kwanza, akaniletea kwenye simu. Darasa zima linacheka. Mimi, mwenzangu, machozi yalinitoka."

Machozi hayakumtoka. Lakini video ipo, na maneno hayo yamo, na anayeyasema ni Fundi. Uongo mtupu mtu huukana akapumua. Huu una sura yako na sauti yako, utaukana vipi?

Mambo yalianzia chuo cha uuguzi, alikosoma mdogo wake Fundi, ambaye nyumbani walimwita Msomi tangu hajajua kusoma. Alikuja mwalimu mpya na mtindo wake. Viti vilivyokuwa vimejipanga mistari akavipanga duara. Akasema mtihani wa kukariri haupimi kitu, kwamba mtu anaweza kujaza kurasa na asiweze kumweleza mgonjwa jambo moja likamwingia. Kwa hiyo kila mwanafunzi achukue mtu mmoja wa kwao, asiyesomea tiba, amfundishe muhula mzima. Mtu huyo ataulizwa maswali mbele ya kamera mwanzoni, kisha ataulizwa yale yale mwishoni. Alama za mwanafunzi ni ule umbali kati ya majibu ya kwanza na ya mwisho.

Fundi alipoelezwa aliusifu mtindo huo. Alisema angefundishwa hivyo yeye, asingeishia darasa la saba. Na Msomi aliposema, "Nimekuchagua wewe, dada," alifurahi kweli.

Wakajaribu nyumbani kwanza, Fundi akiwa kwenye cherehani, anapiga pindo.

"Mgonjwa wa sukari kazimia ghafla. Utafanya nini?"

"Simnyweshi kitu, atapaliwa. Namlaza ubavu, nampaka asali ndani ya shavu, namkimbiza hospitali." Hakuinua hata macho. "Swali gani hilo? Si ndiyo ilikuwa kazi yetu na marehemu mama?"

Msomi alifunga daftari. "Ukijibu hivyo umenimaliza."

"Nimekosea?"

"Hujakosea, hapo ndipo penye tabu. Ukijua siku ya kwanza, mimi nitakuwa nimefundisha nini?"

"Basi tafuta mwingine."

"Nani, Redio? Huyo atamfundisha mwalimu." Wakacheka wote wawili. Kisha Msomi akavuta kigoda, akakaa karibu na goti la dada yake, kama alivyofanya utotoni akitaka kitu. "Siku moja tu, dada. Uwe mjinga siku moja."

"Mjinga wa saizi gani? Nimkate mrefu au mfupi?"

Wakaukata ule ujinga pamoja, kama kitambaa. Jibu la kummwagia maji wakaliacha, lilionekana wazi ni la kubuni. La kumwita mganga wakaliacha pia, Fundi akasema hilo hataki hata kwa mzaha. Mwisho Msomi akaja na la blanketi: nitamfunika, nimwache apumzike, akiamka ataamka mzima. Lilikaa vizuri. Lilikuwa na upole ndani yake, mtu yeyote angeliamini.

Siku ya kamera Fundi alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, la kola nyeupe. Alipofika kwenye blanketi, duara zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Fundi kuliko kicheko. Akamtafuta mdogo wake kwa macho angalau wakonyezane. Msomi alikuwa anacheka na wenzake.

Muhula ulipoisha alirudishwa kwenye kiti kile kile, akasema yale aliyoyasema akiwa anapiga pindo. Wakampigia makofi. Mwalimu akamshika mkono, akamwambia, "Hongera, mama, sasa unaweza kuokoa maisha ya mtu." Fundi akasema asante.

Msomi alishika nafasi ya kwanza. Alipohitimu, chuo kikambakiza awe msaidizi wa mwalimu yule, na video ya dada yake ikawa chombo cha kufundishia. Kila kundi jipya huonyeshwa vipande vyote viwili, waone mtindo unavyofanya kazi. Ila wanafunzi wana simu, na kipande cha pili hakichekeshi, kwa hiyo hakuna aliyekisambaza. Cha kwanza kilitembea mpaka kikamfikia kaka yao mkubwa, anayefanya kazi mbali, ambaye mama alipokufa alifika kaburi limekwisha kufukiwa.

Alipiga simu. Hakugomba, na ni heri angegomba.

"Nakuuliza jambo moja tu. Mama ulimfunika blanketi?"

"Kaka, yale yalikuwa ya chuo. Tulipanga na mdogo wako."

"Kwa hiyo ulikidanganya chuo, au unanidanganya mimi?"

Fundi alieleza. Kila alivyozidi kueleza ndivyo maneno yalivyozidi kufanana na ya mtu anayejiosha. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nikija huko nitafikia kwa watu wengine. Siwezi kula chakula cha mkono wako."

Siku aliyokufa mama, chumbani walikuwa wawili. Fundi ndiye aliyemlaza ubavu, akampaka asali kwa kidole. Msomi ndiye aliyeshika kikombe cha asali, akakiinamisha bila kujua mpaka ikamchuruzika kwenye kiwiko. Gari lilichelewa. Hakukuwa na mtu mwingine aliyeona.

Jumamosi Msomi alikuja kupima gauni. Alikuwa amealikwa kwenye mkutano wa walimu wa vyuo, akausimulie ule mtindo. Alisimama mbele ya kioo amenyoosha mikono, Fundi akiwa nyuma yake anabana kiuno kwa pini.

"Umeongea na kaka?"

"Nimebanwa na kazi, dada."

"Mwambie ulichokiona tu. Hutamaliza dakika."

"Nikimwambia yeye, kamwambia mkewe. Mkewe akisema, kesho liko kwa Redio, keshokutwa liko chuoni. Wataniuliza zile alama zilitoka wapi." Msomi alishusha mikono, akakumbuka pini, akanyoosha mikono tena. "Halafu unadhani ni wewe peke yako? Duara zima lile, kila mtu alileta mjinga wa kutengeneza. Kuna mmoja alimleta mjomba wake, mkunga mstaafu, akajifanya hajui mtoto anatokea wapi."

Kwa siku nyingine Fundi angecheka mpaka ashike ukuta. "Na mwalimu hajui?"

"Mwalimu hajauliza."

"Na huko mkutanoni utawaambia nini?"

"Kwamba mtindo unafanya kazi." Msomi alijitazama ubavu. "Na unafanya, dada. Vyuo vingine wameanza kuuiga. Hapa mgongoni pananibana kidogo."

Fundi aliachia pini moja, akaibana mbele kidogo. Gauni lilikuwa zuri. Kitambaa alikichagua yeye, na kola aliikata nyeupe, kwa mazoea tu ya mkono.

"Hao wajinga wengine," alisema, "hakuna aliyeambiwa kaua mama yake."



Fundi akatoa pini zilizobaki mdomoni, moja moja, akaziweka kiganjani. Akachukua simu ya mdogo wake pale juu ya cherehani, akamnyooshea kupitia begani, ikaonekana kwenye kioo katikati yao.

"Chuo sikitaki, na video waache waendelee kucheka. Nataka mtu mmoja tu ajue. Mpigie kaka sasa hivi, mimi nikisikia. Mwambie nilijua."

Msomi aliitazama simu kwenye kioo. Kisha akaitazama kola, akainyoosha kwa vidole viwili upande wa kushoto, na wa kulia. Fundi alikuwa bado amenyoosha mkono.