Tani Saba Juu ya Mzee Gidahosh

Watu wakisimulia habari hii huanza na mvua. Mvua ina kosa gani? Ilikuwa inanyesha Hanang kabla serikali haijalima ngano, na itanyesha sisi wote tukishakufa. Kosa ni langu mimi, Nikolausi Tluway, dereva, mtu wa Mbulu, mwenye akili zake timamu.

Mwaka huo wa themanini na nne nilikuwa naendesha lori la dizeli la tani saba kwenye shamba la ngano la serikali. Mwezi wa tatu tukapeleka mbegu na mbolea kwenye kipande cha mwisho kabisa cha shamba, huko tambarare, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu kutoka karakana. Kupanda kulipokwisha tu, mvua ikatuwahi. Kama unaujua udongo mweusi wa ile mbuga, sina la kukueleza. Kama huujui, basi elewa kwamba ukilowa unameza ng'ombe mzima, sembuse lori. Formeni wetu, Sebastiani, akaja na trekta, akatazama mawingu, akasema, "Hili halitoki tena. Tunalilaza hapa hapa mpaka mavuno. Tafuta mahali pakavu uliweke."

Mahali pakavu! Kule ni bapa mpaka macho yanachoka. Palikuwa na kimwinuko kimoja tu. Jembe la trekta lilikuwa limeshakikwangua juu, kikabaki na upana wa kutosha gari. Kando yake kulikuwa na visiki vya miti vimepangwa duara, na viwili vilikuwa vimechipua majani. Sasa niambie, kichuguu gani kinajizungushia miti? Bibi yangu alinifundisha tangu nachunga mbuzi: ukipita kaburi la mzee wa Kidatoga, chuma majani mabichi, yaweke pale, pita zako kimya. Nilijua kwamba lile ni kaburi. Tena nilijua ni la mtu mkubwa, maana mtu wa hivi hivi hajengewi kilima.

"Hicho ni nini?" Sebastiani akaniuliza.

"Kichuguu," nikajibu, nikakipanda kwa gia ya kwanza.

Usinitazame hivyo. Mwaka ule neno uhujumu lilikuwa kwenye kila mdomo. Dereva mwenzangu Nicodemo alizamisha trekta korongoni, wakasema amehujumu mali ya umma, akafungwa, na mke wake akarudi kwao. Karatasi ya lori ilikuwa na saini yangu. Mimi nina Fabiola nyumbani na watoto watatu. Nilipima, upande mmoja jela, upande mwingine mtu aliyekwisha kufa. Nikachagua kumkanyaga aliyekufa.

Tukalilaza lile lori kama inavyotakiwa. Tukajaza tangi mpaka shingoni, kwa sababu tangi likiwa nusu, baridi inafanya maji mle ndani na dizeli inaharibika. Tukaziba bomba la moshi kwa kitambaa, panya wasizalie humo. Tukaweka mbao chini ya matairi yasioze. Handbreki tukaiachia, maana ukiifunga miezi mitatu inagandana na ngoma ya gurudumu, utaifungua kwa nyundo. Gia tukaitoa. Kwa hiyo kilicholizuia lori lisishuke ni mawe mawili tu, moja chini ya kila tairi la mbele. Betri Sebastiani aliing'oa mwenyewe akaondoka nayo kwenye trekta, eti itakwenda kuchajiwa karakana.

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Aliyesaini ndiye anayelinda. Huo ndio utaratibu, Nikolausi. Ukiliacha peke yake hata siku moja, hiyo nayo ni hujuma."

Akaniachia gunia la unga, maharage, chumvi na kiberiti. Siku ya tatu barabara ilikuwa haipo. Ilikuwa maji, kisha matope, kisha maji tena. Nililala kwenye kebini magoti yakigusa usukani, nikaamka, nikashuka, nikalizunguka lori, nikapanda tena. Jamani, nimeona watu wamefungwa kwa hakimu na mwendesha mashtaka. Mimi nilifungwa kwa kalamu yangu mwenyewe, na nikapewa na funguo za kuchezea!

Wiki ya pili wakatokea watu wawili kwenye mvua. Mwanamume wa umri kama wangu, na mama mzee sana aliyetembelea fimbo, kibuyu cha maziwa begani. Yule mama alipoona lori akasimama. Akakaa chini palepale kwenye majani yaliyolowa, akalitazama.

Mwanamume akanifuata. Alikuwa anaitwa Gidamis, na Kiswahili alikijua kwa sababu aliwahi kuwa mlinzi shambani kwetu.

"Gari ni la shamba?"

"La shamba." Nikapaza sauti, "Shikamoo, mama!" Mama hakuitika, labda hakusikia.

"Chini yake yuko baba yangu," Gidamis akasema. "Mzee Gidahosh. Nani alikwambia uliweke hapa?"

"Formeni. Amri ya ofisi, ndugu yangu. Mimi ni nani?"

"Liondoe."

"Niliondoe kwa kitu gani, kwa meno? Betri hakuna. Na likishuka hapo chini linazama mpaka bodi, halafu mimi nafungwa. Ungoje mavuno, trekta litakuja."

Akarudi kwa mama yake akamweleza. Mama akasema maneno marefu, taratibu, huku ameninyooshea kidole. Kidatoga changu ni cha kununulia ndama mnadani, hayo yalinipita. Nikajiandaa kutukanwa.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama umekula."

Nilikuwa nimekula unga wenye ukungu, maana gunia lilikuwa limelowa. Nikasema nimekula. Mama akanitazama usoni, akanimiminia nusu ya kibuyu kwenye sufuria yangu, akaondoka na nusu nyingine. Nikaja kuelewa baadaye kwamba ile nusu nyingine ilikuwa ya mumewe. Ilitakiwa kumwagwa juu ya kaburi, upande wa kichwa, na upande wa kichwa ndipo difu ya lori, ile ya ekseli ya nyuma, ilipokuwa inadondosha oili.

Wakawa wanakuja kila baada ya siku mbili. Kila safari mama ananimiminia nusu, nusu anarudi nayo. Mwendo wa nusu siku kuja, nusu siku kurudi, kwa miguu ile! Nikamwambia Gidamis amzuie. Akanieleza kwamba hazuiliki. Katika mji wao, kila masika, kabla hawajahamisha ng'ombe kwenda Yaeda Chini, yeye huja kumweleza mumewe ndama waliozaliwa na watoto waliozaliwa, humwagia maziwa, ndipo watu wanaondoka. Tangu mzee afe haijapita masika hata moja bila yeye kuja. Asipomwagia hatoki, na yeye asipotoka mji mzima hautoki.

"Si muende tu mwaka huu?" nikasema. "Mzee ataelewa."

"Wewe ungemwacha mama yako kwenye matope?"

Mwezi wa nne ukaisha hivyo. Gidamis akaja akiwa amekonda uso, akaniambia ng'ombe wameanza kuoza kwato kwa kusimama kwenye maji. Ndama watatu wamekufa. Safari iliyofuata akasema saba. Na mama akawa anakohoa, kikohozi kizito cha kifuani, anakohoa huku ananimiminia maziwa.

Nilikasirika. Nakuambia kweli, nilimkasirikia yule mama kuliko nilivyowahi kumkasirikia binadamu. Wangenitukana ningewajibu. Wangekuja na mikuki ningejifungia kwenye kebini, nikawa mimi ndiye niliyeonewa. Lakini mtu anakulisha, na wewe tani saba zako ziko juu ya kifua cha mumewe, utamfanya nini? Maziwa yale nilikuwa nayanywa kwa sababu nina njaa, basi.

Asubuhi moja katikati ya Mei wakaja tena. Mvua ilikuwa imepumzika na baridi imeanza, ile ya kukufanya utoe moshi mdomoni. Mama alikuwa amejifunika mpaka kichwani. Alifika, akakaa, hakuweza hata kukinyanyua kibuyu, Gidamis akakinyanyua kwa niaba yake. "Mama anasema usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Anasema atangoja mavuno kama ulivyosema."

"Hatafika mavuno huyu!"

"Najua."

"Gidamis," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, "sikuambiwa na formeni. Formeni si mtu wa huku, hajui kitu. Ni mimi niliyesema ni kichuguu. Niliona miti. Nilijua."

Akakifunika kibuyu vizuri kabla ya kujibu. "Mtu wa Mbulu asijue? Nilijua kwamba unajua."

"Na mama?"

"Yeye ndiye aliyeniambia, siku ile ya kwanza. Alisema huyu anajua, na anaogopa, na hajala."

Ee Mungu wangu. Mwezi mzima na zaidi nilikuwa nimejificha nyuma ya uongo ambao kila mtu alikuwa anauona, hata mama mwenye ukungu machoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikageuka nikalitazama lori. Mawe mawili. Siku zote hizo nimesema haliondoki, haliondoki, betri hakuna, na kumbe kilichohitajika ni mtu kuinama.

Nilimfikiria Fabiola, nisidanganye. Nilimfikiria akifunga virago mbele ya majirani kama mke wa Nicodemo. Kisha nikachukua spana kubwa, nikapiga jiwe la kwanza mpaka likatoka. La pili liligoma, limezama kwenye mbao, nikalipiga nikilitukana kwa Kiiraqw na Kiswahili, na Gidamis akaja akashika bampa kwa nyuma bila kuambiwa.

"Toka hapo!" nikamkemea. "Usiguse. Usiguse kabisa! Wewe hukuwepo."

Jiwe likatoka. Nikaruka pembeni. Lori likakaa kidogo, kama linaloniuliza kama nina hakika, kisha likashuka taratibu bila mngurumo wowote, likaingia kwenye ngano mbichi hatua kama ishirini, likasimama. Halafu likaanza kuzama. Kufika saa sita ulikuwa unaona kebini na bodi tu, magurudumu hayapo. Nilikaa nikalitazama linavyoenda, na nililia kwa sauti, sikujali nani ananiona.

Mama hakulitazama hata mara moja. Gidamis alimshika mkono wakapanda kaburini. Gidamis akang'oa mbao zetu zile, mama akachuma majani mabichi akaziba palipodondoka oili, akakaa akaongea na mumewe muda mrefu, anakohoa na kuongea, wakati mwingine anacheka. Ndipo akamwaga maziwa, Gidamis akimshikia kibuyu. Kibuyu kizima safari hii, mimi sikupata. Keshokutwa yake ng'ombe wao walipita kwa mbali wakielekea Yaeda, na yeye alikuwa juu ya punda.

Trekta likaja mwisho wa Juni, likanikuta nalala juu ya bodi. Sebastiani aliruka chini hata halijasimama. Akalizunguka lori, maji yamekauka ndani ya kebini, viti vimeota majani, pampu ya dizeli imejaa tope. Nyuma yake walikuwepo mgambo wawili. Akavuta karatasi ya taarifa ya ajali, akaniwekea juu ya boneti, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Pole sana, Nikolausi. Walikuwa wangapi?"

"Nani?"

"Mang'ati." Hivyo ndivyo wageni walivyowaita watu wa kina Gidamis, jina wenyewe hawalipendi. "Kila mtu anajua hawalitaki shamba. Walikuja na mikuki, wakakutisha, wakalisukuma. Walikuwa kumi? Ishirini? Taja hata jina moja, polisi watampata mwenyewe hata akiwa Yaeda."

"Hakuna aliyesukuma. Niliondoa mawe mimi."

Akawageukia mgambo, akaona wako mbali, akanishika bega. "Hebu nisikilize, mpumbavu wewe. Nakuokoa. Nakuokoa wewe na najiokoa mimi, maana betri niliondoka nayo mimi. Andika Mang'ati, jioni unalala kwako kwa mke wako."

Nilitaka. Usidhani sikutaka. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na Mbulu ilikuwa kule juu, nyumbani, naona ukungu wake. Nikaandika kwamba mawe niliyaondoa mimi kwa mikono yangu, nikiwa peke yangu. Chini yake pana mstari umeandikwa *Sababu ya ajali*. Hapo nikaandika: *Nililiegesha juu ya mtu.*

Sebastiani akasoma, akasoma tena. "Hii si sababu, Nikolausi. Ofisini hawataielewa."

"Ndiyo hiyo hiyo," nikamwambia. "Sina nyingine."

Akawaita mgambo.