Karatasi Iliyokatwa Kola

Fundi cherehani alikuwa hoi hata kabla ya kufika kliniki. Wiki sita sasa alikuwa akimpeleka mumewe kupigwa mionzi ya koo, akirudi anamchujia uji uwe mwepesi wa kupita, kisha anakaa kwenye cherehani kumalizia sare za shule za watu, macho yakimwasha.

Daktari wa mumewe ndiye aliyemtuma. Aliwaeleza taratibu kwamba saratani ile ya nyuma ya ulimi imeletwa na kirusi kiitwacho papiloma, hicho hicho kinachoshambulia mlango wa kizazi wa mwanamke, akauliza kama mama aliwahi kupimwa. Mama akatazama sakafu. Alipimwa, miaka minane nyuma, siku gari la vipimo lilipokuja sokoni. Baadaye akaletewa karatasi ya kumtaka arudi, ngumu, nyeupe upande wa nyuma. Hakuwa anaumwa popote, kazi zilimzonga, na fundi hatupi karatasi kama ile. Akachora kola, akakata, ikawa kielelezo chake cha kukatia. Mashati mangapi yamepita juu yake, hakumbuki.

Wifi yake aliposikia habari ya kirusi hakungoja. Alisema pale pale jikoni, mkono kiunoni, kwamba kaka yake hajawahi kuumwa hata jino, sasa uchafu huo kautoa wapi kama si kwa mtu anayelala naye miaka thelathini na moja. Fundi akaendelea kuchuja uji. Moyoni alijiuliza lile lile. Ndiyo maana siku tatu mfululizo alivaa, akafunga kilemba, akavua. Akipimwa akakutwa nacho, si ndiyo kesi imekwisha?

Siku ya nne mumewe alimkuta amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza, kila neno likimuuma.

"Mama watoto, vaa na cha pili," alisema. "Mimi kabla yako sikuwa mtawa."

Akaenda. Nesi, binti wa rika la kitinda mimba wake, alimwomba karatasi ya zamani. Akaitoa mkobani: nusu ya namba yake ya kipimo, matundu ya pini, alama za chaki. Nesi akaigeuza mara mbili.

"Mama, hii ni nini?"

"Kola. Saizi kumi na tano."

Nesi alijizuia kucheka, akashindwa. Fundi akauliza lililomleta.

"Nikikutwa nacho, itajulikana ni mimi niliyempa?"

"Haijulikani, mama, hakuna kipimo cha hilo. Wengi tunakipata bila kujua, na kinaweza kukaa kimya miaka. Mimi natafuta kama kimeanza kukuharibu."

Miaka minane, akawaza. Hofu ya wifi ikaondoka, ikaingia nyingine iliyo nzito zaidi, ila hii angalau ilikuwa yake mwenyewe.

Akapanda kitandani. Nesi akamwambia alegeze miguu. Alijaribu. Ilichukua muda, na nesi akangoja.